Kesi ya Friza Isikilizwe Wapi

Tarpley, Alabama
9 Septemba 1987

Dada yangu mpendwa Idella,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na goti lako limekubali kupanda ngazi. Mimi naamka, nashukuru. Bado natengeneza kahawa ya watu wawili kisha nainywa yote peke yangu, kwa hiyo unisamehe mwandiko huu unaotetemeka.

Usijilaumu tena kwa kukosa mazishi ya mume wangu Leland. Barafu ya Januari ilifunga barabara zote. Kanisani tulikuwa mimi, mchungaji na wabeba jeneza, na mmoja wao aliteleza. Nakiri iliniuma kwamba mtu aliyekuwa akiacha vikapu vya mboga milangoni mwa watu alizikwa kimya vile.

Sasa nikupe habari za kesi. Ile friza yetu ya kampuni ya Dunmar ya Ohio ilikufa mwezi wa Mei bila hata kukoroma, na mavuno ya mwisho ya Leland yakaoza humo: maharage, bamia, mahindi, kila mfuko umeandikwa kwa mkono wake. Mmoja aliuandika, "Orpha, huu usiwape wageni." Kampuni ilinijibu kwamba friza zao haziharibiki. Nikaenda kwa wakili Yancey, tukawashtaki.

Walipofika mbele ya Jaji Hargett, hawakubishania friza, walibishania mahali. Wakili wao, kijana mwenye viatu vya kung'aa, alisema kampuni ni ya jimbo jingine, ofisi yake ya Alabama iko Birmingham, na haifanyi biashara yoyote katika kaunti yetu. Kwa hiyo kesi iende Birmingham. Dada, unajua mimi siendeshi gari. Isitoshe, watu wa kule wananunua bamia dukani. Wangeona kikongwe analilia mboga. Nilitaka niamuliwe na watu wanaojua bustani ni nini.

Yancey akaeleza kwamba kampuni ya nje ya jimbo inaweza kushtakiwa katika kaunti yoyote ambako wakala wake anafanya biashara. Akamwita jirani yangu, Vesta Pruitt. Vesta akasema mwuzaji wa Dunmar alikuja kila Agosti kwenye chakula cha pamoja cha kanisa letu. Kijana akamuuliza ana hakika gani kwamba yule ni wakala, si mgeni tu wa kanisa. Vesta akamjibu, "Mwanangu, shati lake limeandikwa Dunmar mgongoni. Na mgongo huo naujua vizuri, maana kwenye foleni ya kuku alikuwa mbele yangu kila mwaka." Akaulizwa kama aliuza chochote. "Aliniuzia mimi friza, huku mdomo umejaa pai yangu ya pichi." Jaji akasema hiyo ni biashara, kesi inabaki Tarpley.

Alhamisi iliyopita tukaenda kuchagua raia kumi na wawili wa kuamua kesi. Jaji akaomba kila aliyemfahamu Leland, au aliyewahi kula kitu cha bustani yake, asimame. Mstari wa kwanza ukasimama wote. Kisha wa pili, kisha wale wa nyuma wakishikilia viti. Karani akaweka kalamu, akasimama. Askari wa mlangoni, kwa kuwa alikuwa amesimama tayari, akainua mkono. Jaji akavua miwani, akasema kwamba hata yeye alikuwa akiachiwa nyanya kwenye ngazi ya nyuma kila Julai.

Na kwa kuwa aliyemfahamu Leland haruhusiwi kuamua, basi hapakuwa na mtu wa kuamua, wala jaji. Kijana wa Dunmar akaomba tena Birmingham. Yancey akaninong'oneza kwamba atapinga.

Hili sijamwambia mtu, Idella. Nilimshika mkono Yancey nikamwambia aiache kesi iende Birmingham, ila asiharakishe kulisema hilo, watu wasije wakakaa. Nilitaka kuwatazama kidogo zaidi, vile walivyosimama kwa ajili ya Leland. Wa Birmingham wakinipa friza, nitashukuru. Wakinicheka, sawa. Vesta atanipeleka kwa gari lake, na ameshapanga kuku wa kula njiani.

Nisalimie shemeji na watoto. Na ukiomba usiku, unitaje jina.

Mdogo wako,
Orpha