Sauti ya Mshona Kofia

Weston, Toronto
14 Februari 2009

Mdogo wangu Perpetua,

Hujambo huko Tanga? Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya mwaka huu imenifungia ghorofa ya tisa.

Wazee wenzangu wa Kigoa tuliohama Tanga wataonyesha filamu ya zamani mwezi wa tano, nami nimepewa kazi ya kueleza uzuri na kasoro zake. Ni ile ya binti mshona kofia, iliyotokana na mchezo tuliouigiza sisi mwaka 1961. Inapendeza, Perpetua! Wanacheza ngoma juu ya mapaa, na kamera inasogea mpaka unaliona chozi, ambalo kwetu waliliona wa safu ya mbele tu. Lakini wimbo wa mama wameukata, na mwisho unavutwa mpaka mtu anasinzia. Wewe waonaje? Nakutumia diski.

Dada yako,
Bianca


Tanga
3 Aprili 2009

Dada Bianca,

Shikamoo. Mguu bado mkorofi, lakini natembea.

Nimeitazama kwa mwanangu Philip. Mapaa ni mazuri kweli. Ila kasoro moja umeiruka: yule binti haimbi. Anafumba mdomo, sauti inaendelea. Ameimba mwanamke mwingine, na majina yanapopita mwishoni, hata mshona viatu yumo, yeye hayumo.

Katika mchezo wetu mimi nilisimama nyuma ya pazia siku tatu, kando ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto, nikiimba huku wewe ukipanua mdomo. Padre alisema watu wa klabu yenu ya Wagoa hawatampokea jukwaani binti wa mpishi wa misheni kama mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikaona nimepewa heshima. Sasa inaniuma. Hao wazee wako bado wanaisifia sauti yako? Utawaambia?

Mdogo wako,
Perpetua


Weston
22 Novemba 2009

Mdogo wangu Perpetua,

Salamu, pamoja na aibu ya miezi saba. Afya ninayo, kisingizio sina.

Mwezi wa tano nilieleza mapaa na wimbo uliokatwa, nikaketi. Wakapiga makofi. Mzee Jerome akaomba niimbe kidogo, nikasema koo linaniuma, kama ninavyosema kila Krismasi tangu tuje huku. Nikashindwa kukuandikia.

Jumapili iliyopita wakaniomba tena, kwenye sherehe ya parokia. Nikashika kipaza sauti nikasema: sauti mliyoipenda ilikuwa ya Perpetua Mhando, binti wa mpishi, mimi nilipanua mdomo tu. Rafiki yangu Assunta alichukua koti lake akaondoka, na mpaka leo hajanipigia simu. Jerome alilia. Akauliza kama bado unaimba, nikamwambia sijui. Miaka arobaini na minane sijawahi kukuuliza. Nisamehe.

Dada yako,
Bianca


Tanga
10 Januari 2010

Dada Bianca,

Shikamoo. Mguu umepona, namshukuru Mungu.

Mwambie Mzee Jerome naimba, kila misa ya kwanza. Barua yako nimempa Philip aisome, maana hakuwahi kujua. Nimefurahi, dada, nimefurahi sana. Hasira haijaisha yote, usiiharakishe.

Ila nina ombi. Tangu tujuane sijawahi kukusikia ukiimba. Hata kwenye kwaya ulikuwa ukipanua mdomo tu, unafikiri sikuona? Nipigie simu Jumapili, uniimbie ule wimbo wa mama. Hata ukiuharibu, uimbe wote. Safari hii mimi ndiye nitakayenyamaza.

Mdogo wako,
Perpetua