Kifungo Kilichozama

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta salama huko kwa dada, na kwamba goti limepunguza maringo. Sisi hatujambo. Cherehani yangu inazunguka, na wifi ana mimba ya miezi saba sasa. Ila nyumba nzima imeninunia, na kabla kaka hajakupigia simu kunishitaki, nataka ulisikie kwangu.

Wiki iliyopita sote tulikwenda kumsaidia shangazi kuhama, siku tatu. Tuliporudi taa zinawaka na nyama kwenye friza ni ngumu kama jiwe. Jirani akatuambia umeme ulikatika Ijumaa, ukarudi Jumapili. Nikakimbilia kikombe chako cha barafu, kile cha kwenye friza unachokiwekea kifungo cha chuma cha koti la marehemu Baba juu yake. Kifungo kilikuwa chini kabisa. Barafu iliyeyuka, kikazama, kisha vyote vikaganda upya kana kwamba hakuna lililotokea.

Nikasema nyama, samaki na maziwa vinatupwa. Kaka akaja juu. Unamjua Bingwa wetu, tangu awe fundi friji hakosi jibu. Alisema nyama haina harufu, ikichemshwa sana haina neno, na mshonaji ashone nguo, mafriji amwachie yeye. Wifi naye akasema nachezea riziki. Niliwajibu kwamba sumu nyingine hainuki wala moto hauiondoi, na kwamba wifi sasa anakula kwa ajili ya watu wawili. Nikachimba shimo nyuma ya nyumba, mchana kweupe, nikafukia kila kitu. Kaka hajanisemesha tangu hapo. Na asinisemeshe.

Sasa Mama, kaa kitako. Mwaka jana ulipolazwa siku sita, ukamlaani muuza samaki wa kona, hakuwa yeye. Umeme ulikatika wewe ukiwa safarini, nami nilikuta kifungo kimezama. Niliwaonea uchungu samaki waliokuwa kwenye friza, na niliogopa utasema sijui kutunza nyumba. Nikagandisha maji mapya, nikakiweka kifungo juu, na uliporudi nikakupikia samaki hao. Ulikichungulia kikombe kwanza, ukaridhika, ukala. Kisha nilikaa kando ya kitanda chako nikimtukana muuza samaki pamoja nawe. Aibu hiyo imenila mwaka mzima.

Juzi nilikwenda kwenye meza yake nikamweleza yote mbele ya wateja wake. Aliendelea kuparua magamba, kisha akauliza kama ulipona.

Nisamehe, Mama. Ukitaka kukasirika kwanza, kasirika, nitangoja. Lakini katika nyumba hii kifungo kikizama, chakula kinatupwa, hata kama nitachukiwa na wote.

Msalimie dada na watoto wake wote, hasa yule mtundu. Barua hii nilimpa kaka aisome kabla sijaifunga. Aliisoma mara mbili, kisha akaniomba bahasha. Amesema ataipeleka posta mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Mshonaji