Jina Nililonyamazia ku Ruzizi

Dzaleka, 9 Machi 2011

Baba Guelord,

Mauwa, jirani yetu mwenye kuuza dagaa, anarudi Uvira kesho. Banasema kule kuko fundi wa baiskeli anafanana na wewe.

Siye tuko muzima. Mutoto wetu Guelord amenipita urefu, anabeba bantu na kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria. Mi ninashona, vitambaa ninanunua Lilongwe. Nsima, ugali wa huku Malawi, tumeizoea, lakini sombe, majani ya muhogo, ya huku haina mawese.

Asubuhi ile tulipokimbia vita, tukavuka muto Ruzizi, ukungu ulikuficha nyuma yangu. Bibi alinifundisha toka utoto kwamba ku maji haubaite mutu jina. Mambamuntu, ule nusu mwanamuke nusu samaki, akisikia jina analishika, anaita na sauti yako mupaka mwenye jina anamufuata ndani ya maji. Njo sikukuita, juu nilikupenda. Bengine balikuwa banaita bantu babo, na bale bakafuata sauti, bakafika ngambo. Ukungu ulipoisha, wewe haukuwako.

Miaka saba sijataja jina lako, hata ndani ya sala.

Nimemwambia Mauwa asikupe barua kwanza. Asimame nyuma ya ule fundi, aite kwa nguvu, vile mi ningeita siku ile. Jana tulijaribu ku bomba la maji, tukaita Zihindula, Zihindula, mupaka bamama benye ndoo bakacheka. Mi sikucheka.

Kama unasoma hii, basi uligeuka.

Louise wako