Mpamba wa Waya

Morogoro,
Jumatano.

Kwa mama yangu mpendwa, Sola, Maswa,

Mwangaluka mayu, na baba mwangaluka. Barua ikiwafika jioni msinicheke kwa salamu ya asubuhi, mimi nimeiandika asubuhi. Je, miguu ya baba bado inamsumbua? Na wale kuku wako wekundu, ugonjwa umeisha au umeshawala wote? Sisi huku tupo, Mungu anatutunza. Ila leo nina maneno mengi, naomba uvumilie mpaka mwisho.

Barua yako aliyokuandikia kaka Masunga nimeipata. Nilimsomea mume wangu Tomasi, nikacheka, halafu nikalia, naye hakujua ashike lipi. Umesema: "Mimba ya kwanza binti hujifungulia kwa mama yake. Wewe unangoja nini huko? Unangoja tukufuate na fimbo?" Mayu wee! Nilikuona kabisa, umekaa na ungo mapajani, unasema kwa kasi, na kaka anaandika huku jasho linamtoka.

Siwezi kuja, mayu. Usikasirike kwanza, sikiliza sababu. Kaka Masunga, ukifika hapa simama, mpe mkeo karatasi asome yeye, haya ni ya wanawake.

Wifi, pole na kazi. Mwambie mayu kwamba mimba ilipokuwa changa nilitoka damu. Tangu Tomasi apunguzwe kiwandani tunauza mitumba sokoni, na mimi nilikuwa nabeba mafurushi kama wenzangu. Damu ilikatika, mtoto akabaki, na sasa ananipiga mateke kama ndama aliyefungwa mbali na mama yake. Lakini nesi wa kliniki amenikataza kubeba na amenikataza safari. Nilimwambia, "Kwetu kuna desturi." Akaniambia, "Desturi yenu nzuri, lakini mashimo ya barabara hayaijui." Sasa nimebakiza wiki chache tu. Haya wifi, asante, mrudishie mumeo karatasi kabla hajaanza kuchungulia.

Sasa usidhani nimekaa tu, nanenepa. Jirani yangu mmoja amenifundisha kutengeneza miti midogo ya kupamba meza. Baba, usicheke! Tunachukua zile waya laini za kufungia nondo, tunazikusanya fungu moja na kuzisokota katikati, huo ndio mgongo wa mti. Chini unazitawanya ziwe mizizi, juu unazitawanya ziwe matawi. Shina unalivika uzi wa gunia uliopakwa gundi, mpaka linakuwa na magamba kama mti wa kweli. Majani ni karatasi laini za kijani, unazikata moja moja. Halafu unausimamisha kwenye kifuniko cha kopo kilichojazwa plasta. Mti mzima hauzidi kiganja changu. Vidole vinauma, lakini mtu unakaa, hubebi kitu, na mtoto tumboni anatulia ukiwa unasokota waya.

Anayeinunua ni Mama Msuya, mama wa Kipare mwenye duka la zawadi karibu na soko. Siku hizi madukani kila kitu kinaingia kutoka nje, mpaka miti ya plastiki ya Krismasi. Yeye akataka ya kwake iwe midogo na iwe na theluji. Akanipa pamba, akasema, "Minza, itie theluji, watu wanapenda." Nikasema sawa. Mayu, mimi theluji nimeiona wapi? Nilipopewa pamba nikajua la kufanya na pamba. Nikakata karatasi ya kaki, nikakunja vikombe vidogo kwenye ncha za matawi, kila kimoja nikakitia pamba, nikaivuta kidogo ining'inie, kama inavyoning'inia ikichelewa kuvunwa. Niliifanya kwa furaha, tena nilikuwa naimba.

Mama Msuya alipofungua boksi alitoa mti mmoja, akaugeuza huku na huku. Halafu akauliza, "Hii ni nini?"

"Theluji."

"Theluji gani inachipua kwenye tawi? Mimi nimezaliwa naiona mlimani kila asubuhi. Theluji inaanguka kutoka juu!"

"Mama, pamba haianguki kutoka juu," nikamjibu.

Alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka, ingawa moyoni niliumia kwa kazi yangu. Hata hivyo hakuitupa. Aliuweka mti mmoja dirishani, akasema labda atapita kichaa aununue.

Kichaa akapita kweli. Juzi niko dukani, akaingia mtu mzima mwenye kofia ya dereva, akaenda moja kwa moja dirishani, akainama. "Hii si theluji," akasema, "hii ni buluba, pamba yenyewe! Tena ya shamba lililocheleweshwa. Nani katengeneza?" Nikasema mimi. Akanisalimia, "Mwadila," na mimi kusikia tu salamu ya kwetu machozi yakanitoka mbele ya wateja. Aibu gani!

Jina lake Luhende, anakaa Bariadi, anapeleka marobota ya pamba Dar es Salaam kwa lori. Ndiye aliyewaletea barua hii, na mti huo mdogo alioushika ni wako. Mpe maji, na mumuulize ukoo wake mpaka mridhike, nilimwambia ajiandae. Safari ijayo anakuja na mkewe, wanakwenda kumwona binti yao Dar. Amesema mbele pana nafasi ya mtu wa tatu. Utakaa na mkewe, utashuka Morogoro, Tomasi atakuwa anakungoja barabarani.

Najua utasema mvua zimeanza, nani atapanda. Utasema hujawahi kuvuka hata Shinyanga. Utasema nani atampikia baba. Baba, tafadhali: ulichunga ng'ombe miaka mingi porini, huko ugali ulipikiwa na nani? Shamba Masunga na wifi watalisimamia. Na baba awe macho na mizani, nasikia sasa wanunuzi wa pamba wako wengi, wanafika mpaka mlangoni kwa maneno matamu.

Mama mkwe wangu ni mtu mwema, amekubali kunishika siku ya kujifungua. Lakini ananiuliza mambo kwa upole mpaka nashindwa kumwambia kwamba naogopa. Naogopa, mayu. Nataka nigombezwe na wewe.

Nisalimie bibi mzaa baba, mwambie chumvi aliyoniagiza sijaisahau. Nisalimie shangazi wa Shishiyu, na mwalimu wa kwaya aliyenifundisha kuandika kwa mstari. Watoto wa kaka wote, mmoja mmoja.

Luhende analala Bariadi siku mbili tu, kisha anapakia na kurudi, atakupitia hapo. Usinijibu barua hii, mayu. Ukituma majibu kwa posta, yatamkuta mtoto ameshazaliwa. Njoo wewe.

Ni mimi binti yako,
Minza