Karatasi ya Kichwa Wazi

Jumanne, 8 Januari 1985

Nyuzi kumi na moja! Juu ya sikio la kushoto. Daktari alitaka kuninyoa hapo ili ashone vizuri, nikamshika mkono. Nikamwambia ashone nyama, nywele aniachie mwenyewe. Akashona.

Jumla sasa ni nyuzi mia tatu arobaini na mbili tangu nianze kulipwa kwa kucheza hoki ya barafuni. Zinatosha kufuma sweta la mtoto. Kisahani, kile cha mpira mgumu tunachogombania, kilitoka kwenye fimbo ya adui kama risasi, nikakiona — nilikiona vizuri kabisa! — nikakizuia. Kwa kichwa, sawa, lakini nilikizuia. Tukashinda nne kwa tatu. Watu elfu tatu wakasimama: O-vi-la! O-vi-la! Wanawake wengi walilia. Wawili, angalau. Mmoja ni mama yangu.

Mzee Toivo, mtunza vifaa wetu, Mfini asiyecheka hata ukimtekenya, aliokota kile kisahani chenye nywele zangu akakitia kwenye kopo. Anasema hilo ni kopo la pili la visahani vilivyonipiga kichwani.

Kocha anasema ligi nzima tumebaki wawili tunaocheza kichwa wazi: mimi, na Elwood Krachuk wa timu ya Dubu. Sheria ya helmeti ina miaka sita sasa, lakini sisi wakongwe tuliosaini mikataba kabla yake tumeachiwa upenyo. Kila Oktoba unasaini karatasi, basi, nywele zako zinapepea kihalali. Ila ukivaa helmeti kwenye mechi, hata kwa dakika moja, karatasi imekufa. Hupewi nyingine.

Na mimi na Krachuk tumewekeana ahadi. Atakayevaa kwanza ataingia ndani ya vazi la dubu la timu ya Krachuk, lile la kuchekesha watazamaji, manyoya mpaka kwenye kucha, acheze densi kwenye barafu mapumziko yote mawili ya mechi, watu wakimwona.

Mimi? Thubutu! Nina miaka thelathini na saba na nywele za miaka ishirini.

Jumamosi, 12 Januari

Asubuhi tulikwenda kumtazama Marielle akicheza, kwenye barafu ya nje, nyuma ya kanisa. Digrii ishirini na saba chini ya sifuri. Kahawa yangu iliganda kabla sijamaliza kujisifu. Binti yangu ana miaka tisa, anacheza beki wa kushoto kama mimi, jezi namba nne kama mimi, na anasukuma watu kama mama yake.

Kipindi cha pili, mchezo ukiwa umepamba moto, anasimama katikati ya uwanja. Anafungua mkanda. Anavua helmeti. Anaiweka chini taratibu, kisha anatikisa nywele — vile ninavyotikisa mimi! Vilevile!

Refa, ambaye siku nyingine zote ni mwoka mikate wetu, akapiga filimbi. Akamwambia avae.

"Baba yangu havai."

"Baba yako ana karatasi, binti."

"Basi na mimi nitaleta yangu."

Watu wote wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda, nikapiga na ukuta wa mbao kwa ngumi. Kisha nikaona watoto wengine watatu wameanza kufungua mikanda yao. Mmoja ni golikipa.

Mwoka mikate akavunja mchezo. Kwenye gari mke wangu Huguette alishika usukani, akaendesha maili nzima. Halafu akasema: "Haya, Ovila. Cheka tena."

Sikucheka.

Jumapili, 13 Januari

Supu ya dengu na paja la nguruwe. Nilikuwa nimeshika kijiko tu, Marielle akaweka karatasi kando ya sahani yangu.

Kumbe alikuwa amefungua droo ya kabati akatoa nakala ya karatasi yangu ya ligi. Imeandikwa kwa Kiingereza, ambacho si lugha ya nyumbani kwetu. Mimi shule niliacha darasa la saba, na Kiingereza nilichonacho ni cha matusi — matusi nayajua yote, hata ya Waskoti. Lakini karatasi ile nimeisaini miaka sita bila kuisoma. Wanasema saini hapa, nasaini, kwa mkia mrefu kama wa farasi, tunapeana mikono, tunakwenda kula. Mtoto alikaa na kamusi ya shule jana tangu tuliporudi kutoka kwenye mchezo mpaka usiku, akaitafsiri yote, akajiandikia ya kwake.

Nainakili hapa:

"Mimi, Marielle Desrosiers, mwenye akili timamu, naelewa kwamba ninaweza kuvunjika fuvu, kupofuka, kupoteza kumbukumbu, au kufa. Nimetaka mwenyewe. Mimi na warithi wangu hatutamdai mtu yeyote kitu chochote."

Chini yake saini, yenye mkia wa farasi. Na mstari mtupu: sahihi ya mzazi.

Nikamwambia ametia chumvi, karatasi yangu haisemi hivyo. Akanipitisha neno kwa neno kwa kidole chenye supu. Inasema hivyohivyo.

"Baba, warithi ni nani?"

"Ni watu wanaobaki na vitu vyako."

"Kama nani?"

"Kama wewe."

Akafikiri. Akameza dengu.

"Mimi sikuulizwa."

Kisha akatoa masharti, mtoto wa miaka tisa, kama mwanasheria! Nikisaini, yeye anacheza kichwa wazi kama baba yake. Nisiposaini, hachezi tena mpaka na mimi nivae. Mechi yake ijayo ni Jumapili ya wiki hii inayoanza. Huguette alikuwa anaosha sufuria. Aliiosha ile ile mara nne.

Nikasema mkate umekwisha, nikatoka kwenda kununua. Jumapili duka limefungwa. Nilijua.

Karatasi iko kwenye mlango wa friji sasa, imeshikwa na sumaku yenye umbo la kamba mwekundu wa baharini. Kila nikitaka maziwa inabidi nisome kwamba mwanangu anaweza kufa. Nimeanza kunywa kahawa kavu.

Jumatatu, 14 Januari

Baada ya mazoezi nilibaki na Mzee Toivo. Nikamwuliza, kwa niaba ya rafiki, kama kuna helmeti ya mtu mwenye kichwa kikubwa.

Akapanda ngazi, akashusha boksi lenye vumbi. Ndani: helmeti nyeupe, nyuma imepakwa rangi, namba nne. Ya mwaka sabini na tisa!

Nikamwambia ni ya rafiki.

"Rafiki yako nilimpima kwa kamba ya viatu alipolala kwenye basi," akasema. "Alikuwa anakoroma."

Miaka sita ameiweka mzee yule, na hakuwahi kuniambia kitu. Nikaijaribu. Kioo kikaniambia nimekuwa yai. Yai lenye masharubu! Nikataka kuivua, halafu nikaona nipime kwanza kama inafanya kazi, nikagonga bomba la joto kwa paji la uso. Si kitu! Nikagonga tena kwa kukimbia. Si kitu kabisa! Sijawahi kufurahi namna hiyo na bomba. Mara ya tano Toivo akasema bomba ni mali ya uwanja.

Tukasikia Kocha anakuja. Nikaivua nikaikalia. Kocha akasimama mbele yangu akaeleza habari za ulinzi robo saa nzima, mimi nimeinuka juu ya benchi kama askofu, nyama zinaniuma. Alipotoka akasema leo naonekana mrefu.

Jumatano, 16 Januari

Krachuk kapiga simu, baada ya chakula cha mchana. Jumamosi tunacheza nao, hapa kwetu.

"Haloo, hapo ni saluni ya kina mama? Hebu niitie Bibi Ovila, nina gauni lake la manyoya hapa, nataka kumpima kiuno!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Namwambia ajipime mwenyewe, kwa tumbo lile dubu atapasuka mishono. Akaniita mwanasesere, nikamwita gunia la viazi. Nampenda mjinga yule. Tulikaa chumba kimoja miaka mitatu tukiwa wadogo, tukila maharage ya kopo kwa kijiko kimoja. Yeye ndiye baba wa ubatizo wa Marielle. Alimshika kwenye kisima cha ubatizo kama bomu.

Tukaagana. Dakika ishirini baadaye simu inalia tena.

"Haloo, hapo ni saluni ya kina mama? Hebu niitie Bibi Ovila, nina gauni lake la manyoya hapa—"

Nikangoja aseme ananitania. Hakusema. Aliendelea mpaka mwisho, kiuno na yote, akangoja nicheke.

Nikacheka. Ningefanyaje?

Alhamisi, 17 Januari

Leo nimekwenda dukani kununua mafuta ya nywele, nikarudi na mayai. Hilo halihesabiki. Kila mtu husahau mafuta.

Nimemwuliza Huguette kama huwa narudia hadithi. Akasema miaka kumi na nne narudia hadithi ileile, tangu siku ya harusi. Sasa hapo nitajuaje?

Jumamosi, 19 Januari

Naandika chooni, uwanjani, kama kawaida yangu kabla ya mechi. Nisipoandika tunafungwa. Tumefungwa mara mbili tu nikiwa nimeandika, na zote kalamu ilikuwa ya kuazima.

Nje kelele. Uwanja umejaa. Huguette na Marielle wako safu ya kwanza, nyuma ya kioo. Mtoto ameleta helmeti yake, ameipakata kama bakuli. Ile karatasi ya friji imo mfukoni mwa mama yake, na kalamu. Huguette aliniambia asubuhi: "Wewe amua tu. Mimi nimebeba kalamu." Mwanamke huyu, jamani!

Krachuk nimekutana naye kwenye korido. Amenikumbatia mpaka nyuzi zangu kumi na moja zikalia. Kipara chake kinang'aa, kina kovu jipya hapa mbele, la Desemba. Vazi la dubu amelileta kweli! Kichwa chake kikubwa kimekaa juu ya boksi, kinanitazama.

"Vipi yule binti yangu wa ubatizo," anasema. "Yule… yule mdogo."

"Marielle."

"Si ndivyo nilivyosema? Marielle. Anapiga watu bado?"

"Anapiga."

"Safi." Halafu akaniangalia, macho yamechangamka kama zamani. "Sikia, nimeshakwambia ile ya saluni?"

Nikamtazama yule mjinga.

"Bado," nikasema. "Hebu niambie."

Akaniambia. Mara ya tatu sasa. Nikacheka, nikamshika bega, nikaja moja kwa moja humu chooni.

Maana namjua Krachuk. Mradi mimi niko kichwa wazi, yeye hatavaa, hata akisahau jina lake mwenyewe ahadi yetu ataikumbuka. Ananingoja mimi. Miaka sita tunangojana kama wajinga wawili mlangoni, wewe tangulia, hapana wewe.

Nimechungulia ile helmeti ndani ya begi. Toivo ameipaka rangi upya ile namba nne. Sikumwomba. Ameiweka chini ya taulo ili wenzangu wasione.

Sasa nimeivaa. Nywele zimelala. Niliziosha mara mbili leo, kwa heshima.

Yule dubu nitamcheza. Nitamcheza vizuri kuliko dubu yeyote aliyewahi kucheza! Nitatikisa kiuno mpaka kina mama walie — na watakuwa zaidi ya wawili. Lakini Krachuk akinicheka bila kuvaa na yeye? Akisema sawa, umeshindwa, akaenda zake barafuni na kipara chake? Hapo sijui.

Toivo anagonga mlango. Anauliza kama nimefia humu.

Dakika mbili.

Mkanda huu — unafungwaje? Huu unaingia humu, au ule unapita juu? Miaka kumi na saba ya hoki, nyuzi mia tatu arobaini na mbili, na sijui kufunga mkanda ambao mwanangu anaufunga gizani. Nikimwuliza Toivo atacheka, na atakuwa amecheka mara ya kwanza tangu atoke Ufini.

Nimemwita. Nimemwambia aingie, afunge mlango kwanza.

Ameniona. Hacheki. Anavua glavu zake anifunge mkanda. Naweka kalamu chini.