Kidole cha Bwana Baridi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, na baada ya shikamoo nataka kujua hali yako, ya wifi na ya wanangu wote wawili. Mgongo umepoa, au bado unakaa upandeupande kwenye kiti cha ofisi? Sisi hatujambo. Baba siku hizi anasikia kwa sikio moja, na hilo moja hulitumia akitaka. Karakana ipo, paa linavuja palepale, nami bado nashona viti vya magari mpaka viganja vimeota sugu.

Nianze na ya kuchekesha. Unamkumbuka yule mwigizaji wa filamu za magari, waliyemwita Bwana Baridi kwa kuwa hata akifukuzwa na polisi uso wake haukubadilika? Ametimiza miaka ishirini kaburini, na wapenzi wake wameunda chama. Mwenyekiti wao ni wakala wa bima. Walinipa kazi ya kushona viti vya gari walilonunua, linalofanana na lile la kwenye filamu, na viti vilipowapendeza wakanialika kwenye kumbukumbu yao ukumbini. Baba akasema naye anakwenda. Nilimwambia atachoka, akaenda kunyoa ndevu.

Laiti ungewaona, Kaka. Watu wazima na akili zao, majaketi ya ngozi katika joto lile, miwani myeusi ndani ya ukumbi wenye taa mbili. Mmoja alijikwaa kwenye waya wa kipaza sauti, akachelewa kuinuka makusudi ili asionekane ameshtuka. Gari la mwenyekiti lilizimika getini, wakalisukuma huku wamenuna wote, maana kwao kucheka ni ushamba. Katika umati ule sikumwona hata mmoja anayeweza kubadilisha plagi.

Lakini kilichonimaliza ni kidole. Ile picha inayoonyesha mkono tu ukibadilisha gia, kidole cha mwisho kimesimama wima, unaikumbuka. Mhadhiri mmoja alikihubiri kidole hicho dakika arobaini. Alisema ni alama ya mtu asiyefungwa na chochote, na kwamba Bwana Baridi alikifanyia mazoezi mbele ya kioo. Kisha watu themanini wakanyoosha mkono wa kushoto, wakabadilisha gia hewani, vidole juu kama wageni waliopewa chai ya moto. Niliona aibu kwa niaba yao.

Maana wewe na mimi tunajua mkono ule ni wa nani. Bwana Baridi alikuwa hawezi kurudisha gari nyuma bila kugonga ukuta. Kila palipohitajika mwendo, Baba alivishwa jaketi lake akaendesha yeye. Na kidole chake hakikunjiki kwa sababu kilisagwa chini ya gari, mwaka mmoja kabla ya filamu.

Hotuba zilipokwisha, Baba alilisogelea lile gari nililolishonea viti. Akanyoosha mkono aguse usukani, na karani mmoja mwenye miwani akamwambia hilo si la kushikwashikwa. Baba akaomba radhi, akarudisha mkono mfukoni. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimrarue yule karani, Baba akanivuta tukatoka.

Njiani niliendelea kuwasema, hasira imenipanda. Baba akasimama, akaniambia, “Wao wanakisifu kidole. Mimi kilinipotezea mwanangu.” Akasema alipokuchapa siku ile na kukukataza kugusa gari lake tena, alidhani utanuna wiki moja. Hakudhani utahamia kwa mjomba na kubaki mtu wa barua miaka thelathini na minne.

Kaka, jeki uliipandisha vizuri na uliikaza vizuri. Ulipokwenda kuchota maji, mimi ndiye niliyeifungua ile skrubu ya chini, kwa kuwa nilipenda kuona gari likishuka taratibu, kama ulivyokuwa ukinionyesha. Sikujua Baba ameingiza mkono. Uliporudi ukamkuta analia, ukasema mwenyewe labda hukuikaza, nami nikakuacha useme. Nilikuwa na miaka tisa, lakini sikubaki na miaka tisa. Wifi alipoandika kuwa hujawahi kushika usukani maishani, kwamba huiamini mikono yako, nilisoma nikanyamaza. Halafu nawacheka watu wa jaketi kwa kuamini uongo wasioujua, mimi niliyeujua wangu na kuufuga. Nawadharau, ndiyo, lakini najidharau zaidi.

Nilimwambia Baba yote palepale barabarani. Hakunigombeza. Aliuliza kama wewe unajua, nikasema hujui. Tangu hapo hasemi nami ila la lazima, na ni haki yake. Asubuhi hii ameniletea karatasi na kalamu, akasimama mlangoni mpaka nilipoanza kuandika. Amesema nimwachie nafasi chini.

Msalimie sana wifi, na wanangu uwabusu. Usiponijibu nitaelewa, ila Baba mjibu.

Ni mimi,
mdogo wako.

Mwanangu, nilikuchapa bure. Nisamehe. Ningekuja mwenyewe kukuambia, miguu imekataa safari ya mbali.
Baba yako.