Bamba la Shaba Nililolitoa

Muzee wangu Kambale,

Jana niliifungua ile injini. Niliifungua peke yangu, mlango wa garaji umefungwa, kama ulivyoagiza katika simu yako ya mwisho. Miezi minane nimekuwa nikiizunguka kama mtu anayekwepa kumsalimia jirani. Sasa nimeona kilichomo, na sina mwingine wa kumwambia kwanza ila wewe.

Unakumbuka ugomvi wetu wa pistoni? Yule kijana mfanyabiashara alitaka gari lake jekundu lishinde mashindano ya Jumapili. Kwenye bieli, ile mikono ya chuma inayoshika pistoni, hatukubishana. Tulichagua nene zilizofuliwa. Lakini pistoni! Mimi nilitaka zile zenye kichwa kilichoinuka, zinazobana mafuta kwa nguvu zaidi. Wewe ulitaka za kichwa bapa, kwa sababu petroli yetu ni ya madumu ya kando ya barabara, na ikibanwa mno inalipuka kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni. Ukaniita Mademoiselle Pistoni mbele ya garaji nzima, ukaniambia injini ni ya nini: "Moteri haiko ya kukimbia tu, mutoto. Iko ya kurudisha mutu kwake."

Mteja akawa upande wangu. Ukakubali, ukacheka. Kisha ukakata bamba la shaba kwa mkasi wa bati, ukalisugua siku nzima, ukaliweka chini ya kichwa cha injini kuongeza nafasi, ili pistoni zangu zisibane sana. Ukalijaribu gari mpaka Sake na kurudi, kwa petroli hiyohiyo ya madumu. Injini haikugonga hata mara moja, ule mlio wa petroli inayolipuka kabla ya wakati.

Ulipokwenda Butembo kumzika kaka yako, nililitoa lile bamba.

Nilikuwa na hasira, Muzee. Niliona umenipa pistoni kwa mkono mmoja na kuninyang'anya kwa mwingine, na mteja alikuwa akilalamika kwamba gari ni zito. Nikaifunga injini bila shaba. Gari likaruka! Mteja akanisifu mpaka nikavimba kichwa. Bamba nikalificha chini ya godoro langu, na uliporudi nikakuambia gari liko sawa.

Halafu vita vikashuka. Mteja alikuwa ameshavuka mpaka, na gari pekee lililoweza kutembea hapa mtaani kwetu Keshero ni hilo jekundu. Dada yako mkubwa na wajukuu wake walikuwa wamekwama Kibati. Nilikupa ufunguo mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, uende kuwachukua. Nikakushikia faneli ukimimina petroli ya Mama Zawadi, muuza madumu wa kwenye mzunguko. Neno moja tu lingetosha. Niliogopa ungeniangalia vile ulivyokuwa unawaangalia wezi wa vipuri, nikanyamaza. Nilijiambia ni mwendo mfupi, hakitatokea kitu.

Sikufikiria umati. Injini niliyoijenga kwa ajili ya kukimbia ilipanda na kushuka kwa gia ya kwanza, katikati ya watu wenye magodoro kichwani na mbuzi mkononi. Dada yako ametusimulia: ilianza kugonga, ukasimama, ukafungua boneti, mkaendelea, ikagonga tena, ikafa. Ukawapakia yeye na watoto kwenye lori la watu. Wewe ukabaki na gari la mteja. Ukampigia simu Mama Kavira, mke wako. Kisha bomu likaanguka.

Mama Kavira alinifikishia maneno yako pale matangani: "Ambia Furaha, ile moteri aifungue yeye peke yake." Wenzangu wa garaji, waliolivuta gari mpaka hapa, walinionea wivu, na mimi nikajidanganya kwamba umeniachia kazi yako.

Jana niliikuta pistoni ya tatu ina tundu ninaloweza kupitisha kidole. Na delko, ile inayopanga wakati wa cheche, umeirudisha nyuma mpaka mwisho. Alama zangu mbili za rangi nyeupe hazikutani tena. Hivyo ndivyo mtu anavyoibembeleza injini inayobana kupita kiasi. Ulisikia ikigonga, ukajua shaba haimo, ukajua nani kaitoa. Na simu yako ya mwisho hapa duniani ukaitumia kunifichia aibu. Ee Muzee. Ungenitukana tu.

Ningeweza kukaa kimya hata sasa. Lakini kuna Mama Zawadi. Tangu ulipokufa, Mama Kavira anailaumu petroli yake kwa kila mtu: "Ni esanse mubaya ndiyo iliua bwana yangu." Watu wameacha kununua kwake. Madumu yake yanashinda pale kwenye mzunguko yamejaa, naye yuko na watoto wake kwenye mahema ya wakimbizi ya Mugunga, kulekule ulikonitoa mimi ukanifundisha kazi. Petroli yake ilikuwa kama ya wengine wote. Wiki iliyopita alinisalimia, nami nikageuza uso.

Sasa wakimbizi wamejaa mpaka uwanja wa parokia. Koti lako la kazi bado liko kwenye msumari, hakuna anayelivaa. Kazi ya injini nimeshaiamua: pistoni za kichwa bapa, zote nne, mteja apende asipende.

Ila sitaifunga bado. Jumamosi nitamwita Mama Kavira aje na watoto, nitamwita dada yako, nitamwita na Mama Zawadi. Pistoni yenye tundu nimeiweka juu ya meza, na bamba lako la shaba nimelitoa chini ya godoro, liko kando yake. Nitawaonyesha vyote viwili na kusema nilichofanya. Mama Kavira akinifukuza, nitatoka.

Pumzika, Muzee. Kila ulichonifundisha nitakishika. Ila hili la mwisho ulilonituma, kuifungua peke yangu ili siri ibaki yetu, nimelitimiza kwa siku moja tu, na unisamehe, sitaongeza ya pili.

Mwanafunzi wako,
Furaha